Ukipiga 114 na ndani kuna mgonjwa

Machi 26, 2020, Uingereza ikiwa imefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, wakuu wa zimamoto, waajiri na chama cha wafanyakazi, Fire Brigades Union, walikubaliana jambo lisilo la kawaida. Askari wa zimamoto wataendesha magari ya wagonjwa, watapeleka chakula na dawa kwa wazee waliojifungia, na vifo vikizidi watasaidia kuhamisha maiti. Madereva wa magari hayo walikuwa wanaugua au wamejitenga, na gari lisilo na dereva ni bati tu. London, askari waliozoea kubeba mpira wa maji wakajikuta wanabeba machela.

Baadaye wakaongezewa kazi ya kupima kama barakoa zinawakaa vizuri wahudumu wa afya. Ukifikiri, hakuna aliyeifaa zaidi. Anayeingia kwenye moshi na mtungi wa hewa mgongoni anajua kinyago kikiacha upenyo mdogo tu shavuni, anavuta sumu. Ndevu ni adui yake kikazi. Muuguzi mwenye barakoa ya N95 anahitaji ujuzi uleule.

Huku kwetu Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114, bila malipo. Maradhi yakitapakaa, hofu kubwa ya kituo chochote cha zimamoto ni zamu nzima kulala kitandani siku moja, maana askari hao hukaa pamoja na hupanda gari moja wakiwa wamebanana. Kwa hiyo zamu zinazopokezana huzuiwa kukutana, usukani na vitasa vya gari hufutwa kwa dawa kila safari, ziara za shuleni husimama. Wanaoingia chumba cha mgonjwa huwa wachache iwezekanavyo, wengine husubiri nje.

Hapo ndipo simu yako ina kazi. Taja mtaa na alama inayoonekana kwa urahisi, msikiti, shule au sheli. Sema kinachowaka na kama kuna mtu amenasa. Kisha sema bila kuficha: ndani kuna mtu ana homa au anakohoa, yuko chumba fulani, na kama anatumia mtungi wa oksijeni. Watu huficha wakidhani wataachwa waungue. Kuficha ndiko kunakowachelewesha, kwa sababu wakigundua mlangoni, itabidi warudi garini kuvaa upya. Ugonjwa wenyewe pia una tofauti. Marburg, iliyotokea Kagera mwaka 2023 na tena Biharamulo Januari 2025, huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Ukiwaambia mapema, watajua wavae nini.

Na kama uko karantini moto ukazuka, toka. Amri ya kukaa ndani haikuwekwa ili uungue. Simama mbali na jirani, upande usiopeperushiwa moshi. Barakoa ikiwa mkononi, vaa. Ikiwa chumbani, iache huko.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba janga la maradhi huleta moto wake. Aprili 24, 2021, mitungi ya oksijeni ililipuka katika hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, iliyojaa wagonjwa wa UVIKO-19, na watu zaidi ya 80 wakafa. Julai mwaka huohuo moto mwingine ukaua watu wengi katika wodi ya UVIKO ya hospitali moja mjini Nasiriyah, nchini humohumo Iraq. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila huchochea. Hewa tunayovuta ina kama asilimia 21 tu ya oksijeni. Ikiongezeka kidogo chumbani, shuka au nywele ambazo zingeungua taratibu hushika moto ghafla. Anayemuuguza mgonjwa nyumbani aweke jiko, mshumaa, udi na sigara mbali kabisa na chumba chenye oksijeni. Mtungi usimame umefungwa usianguke, na koki yake isiguswe kwa mikono yenye mafuta, hata ya kujipaka.

Vitakasa mikono navyo vingi ni pombe kali. Vikiwaka, mwali wake hauonekani vizuri mchana, mtu anaweza kuungua kabla hajajua. Subiri mikono ikauke ndipo uwashe kiberiti au uguse jiko. Mama lishe, hili ni lako hasa. Ile hadithi ya mwaka 2020 kwamba chupa ya kitakasa hujiwasha yenyewe ikiachwa kwenye gari juani ilikuwa uvumi. Inahitaji cheche au mwali.

Mwaka huohuo miji mingi, Dar es Salaam ikiwemo, ilinyunyizia mitaa dawa ya kuua vijidudu, nayo ina hatari zake. Shirika la Afya Duniani lilisema Mei 2020 kwamba kunyunyizia barabara na masoko hakupendekezwi, na kumnyunyizia mtu dawa ni hatari. Nyumbani pia, klorini usiichanganye na dawa nyingine ya chooni. Mvuke wake huumiza mapafu.

Kuhusu nyungu sina ugomvi na anayejifukiza, ila jiko la mkaa lisiingie ndani ya blanketi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na blanketi linashika moto. Chemshia nje, uipue sufuria, uiweke chini mahali isipoyumba, na mtoto asiachwe peke yake humo.