Pikipiki Kuukuu Uani: Tuifufue au Tuiuze?



Ukivuka Makupa kutoka kisiwani Mombasa unaingia Kibarani. Kwa miaka mingi watu walipita hapo wameziba pua kwa sababu ya jaa la taka. Jaa lile lilifungwa mwaka 2018, likafunikwa udongo na kupandwa miti. Lakini akili ya kuokota kilichotupwa na kukifanya kilete faida haikufungwa pamoja nalo. Hebu chungulia nyuma ya nyumba, Kibarani au hata huko kijijini kwenu. Mara nyingi kuna pikipiki ya zamani imelala chini ya kipande cha turubai, kuku wametaga kwenye kiti, na mwenyewe anasema, "Hiyo ilikuwa mashine kwelikweli."

Nyingi ya pikipiki hizo zilifanya kazi nzito. Zilibeba maafisa wa kilimo, wauguzi wa vijijini, makatekista na wafanyakazi wa miradi. Zikachoka, zikaegeshwa, zikasahaulika. Sasa vikundi vingi vinajiuliza: je, tunaweza kuifufua wenyewe nyumbani, itubebee mboga, maziwa au mitungi ya maji? Katika somo hili tutaangalia jinsi ya kuifanya kazi hiyo, na kabla ya hapo, jinsi ya kujua kama inafaa kufanywa. Pesa mtakazotumia ni akiba ya wanachama, na akiba ya mama aliyeuza maandazi mwezi mzima haipaswi kuishia kwenye chuma kisichopona.

Kwa mfano wetu tutachukua Honda CG125, kwa sababu ni rahisi kuielewa na spea zake zinapatikana. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 wakifikiria nchi kama zetu, ambako pikipiki hubebeshwa mizigo, hupita vumbini na hubadilishwa oili kwa nadra. Ndiyo maana valvu zake husukumwa na vijiti viwili vya chuma, si cheni ndefu ndani ya injini ambayo ingehitaji kuangaliwa kila mara. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo. Serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zikajaa kila njia panda, na nyingi zilikuwa na injini ya ukoo huohuo. Kwa hiyo spea nyingi za leo zitaingia katika Honda ya mzee. Nyingi, tumesema, si zote. Mkienda dukani, bebeni ile ya zamani mkononi mkaipime na mpya.

Kabla hamjatoa hata shilingi

Kwanza, karatasi. Nambari ya fremu imegongwa kwenye shingo ya pikipiki, pale usukani unapopita. Nambari ya injini iko chini, ubavuni mwa injini. Zisugueni kwa brashi mpaka zisomeke, kisha mzilinganishe na logibuku. Kama logibuku ni ya jina la marehemu, au la shirika lililofunga ofisi zamani, shughulikieni hilo kwanza. Mambo ya kubadilisha umiliki yako chini ya NTSA. Tumeona vikundi vikipaka rangi kwanza na kutafuta karatasi baadaye, na hapo ndipo huzuka ugomvi. Pikipiki ikiwa maiti haina ndugu. Ikishafufuka, ghafla ina wenyewe wengi. Nendeni kwa mwenyewe kwa adabu: "Mzee, tunakuomba tuandikiane." Muandike ni ya nani, kikundi kinaingiza nini, na ikiuzwa pesa zitagawanywaje. Mzee atie sahihi, na mmoja wa watoto wake awe shahidi.

Pili, fremu. Geuzeni pikipiki, mgonge mabomba ya fremu kwa nyundo ndogo, hasa chini ya tangi na pale mkono wa gurudumu la nyuma unaposhikwa. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti ya bati bovu. Kutu ya juu inasugulika. Kutu iliyotoboa bomba ni habari nyingine, na kuibandika kiraka ni kumtega atakayeipanda.

Tatu, injini inazunguka? Msipige kiki! Pikipiki iliyolala miaka kumi ina kutu kwenye silinda, na kiki ya hasira itavunja ringi. Toeni plagi. Mimineni kijiko kimoja au viwili vya oili safi ndani ya tundu lake, muache siku mbili. Kisha wekeni gia ya juu kabisa na kutikisa gurudumu la nyuma taratibu, mbele na nyuma. Ikisogea hata kidogo, vumilieni, ongezeni oili, rudieni kesho. Ikigoma baada ya wiki nzima, kichwa cha silinda lazima kifunguliwe. Pistoni ya CG125 ina upana wa milimita 56.5. Silinda ikiwa imechubuka, fundi wa mashine ataichonga ipokee pistoni kubwa zaidi kidogo, kwa hatua za robo milimita. Hiyo ni kazi ya kulipia, basi ulizeni bei kabla hajaanza.

Hadi hapa mmetumia oili kidogo na jasho. Itisheni mkutano sasa. Kama karatasi hakuna, au fremu imeoza, uzeni kilichobaki kwa mnunuzi wa vyuma mwenye leseni. Sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inataka mnunuzi awe nayo. Na hakuna aibu. Kama majibu yote matatu ni mazuri, andikeni makisio na muweke kiwango ambacho hamtakivuka. Fundi atawaambia "bado kidogo tu". Mtunza hazina awe mtu asiyependa sana pikipiki.

Tangi na kabureta

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo pikipiki nyingi za zamani hugomea. Petroli ikikaa muda mrefu hugeuka kuwa kama gundi na kutoa harufu ya uchachu. Mwageni yote ndani ya dumu lenye kifuniko, nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Msiimwage mtaroni. Pale Kibarani mtaro unaishia baharini, penye mikoko na samaki. Kwenu unaishia kisimani.

Ondoeni bomba la kufungulia mafuta, mzibe tundu lake. Tieni konzi ya nati ndogo ndani ya tangi na kulitikisa kwa zamu, vijana wanalifurahia hilo, mpaka magamba ya kutu yatoke. Toeni nati, jazeni siki nyeupe, muiache siku moja hadi mbili. Mwageni, suuzeni kwa maji, kisha suuzeni tena kwa maji yaliyochanganywa na vijiko vichache vya soda ya kuokea, ili ukali wa siki ufe. Likausheni juani siku hiyohiyo. Mara likikauka zungusheni ndani yake petroli iliyochanganywa na oili kidogo, la sivyo kutu mpya itaanza kabla ya jioni. Hewa ya pwani haingoji.

Kama tangi limetoboka, tafadhali msimpelekee fundi wa kuchomelea hivihivi mkidhani ni salama kwa kuwa ni tupu. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na cheche moja hulilipua kama bomu. Kuliacha wazi siku moja hakutoshi. Mafundi wazoefu hulisafisha kwa maji moto na sabuni mara kadhaa, kisha hulijaza maji karibu lote wakiacha sehemu ndogo tu ya kuchomelea. Mkiona fundi analichukulia jambo hili kwa mzaha, chukueni tangi lenu mwende zenu.

Kabureta ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe ili vipande vidogo visipotee. Ndani yake mna jeti, vijibomba vya shaba vyenye tundu dogo kama la sindano. Ziloweke kwenye petroli safi, pulizeni kwa pampu ya baiskeli, na kama zimeziba piteni kwa uzi wa nailoni. Msitumie waya wa chuma. Shaba ni laini, tundu litapanuka, na pikipiki itakunywa mafuta maisha yake yote.

Moto na oili

Safisheni plagi au nunueni mpya. CG125 hutumia ile iliyoandikwa D8EA, na nafasi ya ncha zake iwe kati ya milimita 0.6 na 0.7. Ivalisheni kofia yake, ilazeni juu ya chuma cha injini mbali na mafuta yoyote, kisha pigeni kiki. Cheche ya bluu yenye mlio ni afya; ya manjano na dhaifu ni ugonjwa. Kama pikipiki ni ya pointi, sugueni nyuso zake taratibu kwa msasa laini sana, mfute, na muweke nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4. Angalieni pia volti. Pikipiki nyingi za zamani zilitumia betri ya volti 6, na za siku hizi ni 12. Mkichanganya, taa zitaungua au zitawaka kama mshumaa.

Oili kuukuu itoke yote, na chujio la waya lililo chini ya injini lisafishwe. Injini hii hupokea karibu lita moja tu. Kwa hiyo kubadilisha oili ni gharama ndogo kuliko zote mtakazokutana nazo, na kutobadilisha ni kubwa kuliko zote. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi: milimita 0.08. Kipimo chake ni bamba jembamba la chuma, muazime kwa fundi kama hamna.

Kusimama ni muhimu kuliko kwenda

Kila mtu hushangilia injini ikinguruma. Sisi tungependa mshangilie breki. Pikipiki hizi zina breki za ngoma, na viatu vya breki vya zamani vina mambo mawili ya kuogopa. Vumbi lake laweza kuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Basi msilipulize kwa mdomo wala kwa pampu; futeni kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. La pili ni kwamba gundi inayoshika kiatu cha breki huzeeka. Kwa macho kiatu ni kizima, lakini siku ya breki ya ghafla kinabanduka na gurudumu linajifunga. Viatu vikiwa vya miaka mingi, nunueni vipya hata kama vina unene.

Nyaya za breki na klachi zibadilishwe zikiwa na uzi hata mmoja uliokatika. Matairi nayo yasiwadanganye kwa meno yake. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne: 2314, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lenye nyufa halifai kubeba mtu, hata likiwa jipya kwa sura. Gongeni spoki moja moja kwa bisibisi. Iliyolegea itajulikana kwa sauti yake nzito.

Chumvi

Wenzetu wa pwani wana adui ambaye watu wa bara hawamjui sana. Ukiipaka rangi juu ya chumvi, kutu itaendelea kula chini kwa chini, na baada ya masika moja rangi itavimba kama andazi. Osheni fremu yote kwanza kwa maji ya mvua au ya bomba. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, hivyo havifai hapa. Sugueni kwa brashi ya waya, kisha msasa wa maji. Kulowesha kunazuia vumbi, kwani rangi za zamani zaweza kuwa na risasi, na watoto wasicheze karibu. Ikauke, ipakeni rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, ndipo ije rangi ya juu. Mapambo yaje mwisho, kama pesa zitabaki.

Kabla ya kwenda barabarani

Injini ikiwaka, ijaribuni kwanza uwanjani, bila abiria, na mtu mwenye leseni. Barabarani inatakiwa bima, angalau ile ya kulinda watu wengine, kofia ngumu na koti la kung'aa kwa dereva na abiria, na abiria ni mmoja tu. Malori yaendayo bandarini hupita Kibarani mchana na usiku. Dereva wa lori haoni pikipiki isiyo na taa ya nyuma.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni nani ana pikipiki iliyolala, na logibuku yake iko wapi?
2. Ikifufuka itafanya kazi gani, siku ngapi kwa wiki, na nani atashika ufunguo?
3. Tukifika kwenye kiwango cha pesa tulichoweka na bado haijawaka, nani miongoni mwetu atasema "basi"?