Gari la Mtumiaji wa Kiti Mwendo: Nenda Yadi na Futi Kamba

Wengi wakienda yadi kumtafutia gari ndugu yao anayetumia kiti mwendo, huuliza bei kwanza, kisha injini. Mimi ningeanza na futi kamba. Mhusika akae kwenye kiti chake kama anavyokaa kila siku. Pima kutoka sakafuni hadi utosini, upana wa kiti pamoja na viwiko vyake, kisha kimo cha kikalio. Kama ataingia garini na kiti chake, vipimo viwili vya mwanzo ndivyo vinavyoamua mlango. Kama hujihamisha mwenyewe, angalia kikalio: viti viwili vikilingana kimo, ubao laini wa kutelezea unamvusha. Ndiyo maana gari la juu la kifahari humtesa mtu ambaye kigari cha kawaida kingemfaa.

Toyota huuza magari ya aina hii huko Japani kwa jina la Welcab. Mengine yana rampu nyuma, mengine lifti, na mengine kiti cha abiria kinachozunguka hadi kutazama nje ya mlango. Usukani uko kulia, kama kwetu. Ukiagiza lililotumika, usilipe kabla ya kuona video ya lifti ikipanda na mzigo. Picha ya lifti iliyokunjwa haisemi kitu. Uliza na uwezo wake kwa kilo, kwani kiti cha umeme peke yake kinaweza kuzidi kilo 100, na mtu hajakaa bado.

Dereva asiyetumia miguu anahitaji gari la gia otomatiki lenye mtambo wa mkono: wenzo karibu na usukani, uliounganishwa na pedali kwa fimbo. Katika aina iliyozoeleka, ukisukuma mbele unafunga breki, ukivuta unaongeza mafuta. Mkono wa pili unazungusha usukani kwa kirungu kilichofungwa juu yake. Kazi hii usimpe mchomeleaji wa mageti, hata awe hodari vipi. Mtambo hufungwa kwa boliti, pedali haichomelewi. Ukikamilika, gari likiwa limesimama, kata usukani hadi mwisho pande zote uone kama wenzo unagusa goti. Kandamiza breki mpaka mwisho: fimbo ikigonga plastiki ya dashibodi, rudisha gari kwa fundi siku hiyohiyo. Baada ya hapo ni mazoezi uwanjani na mwalimu pembeni, kabla ya kuingia barabarani.

Boliti hizo hupenda kulegea wiki za mwanzo, kwa hiyo zikazwe tena mapema, halafu kila gari linapokwenda sevisi. Maungio ya mtambo yanataka grisi kidogo. Reli za sakafuni, zinazoshika ndoano za mikanda ya kiti mwendo, hapana: grisi hukamata vumbi na mchanga, mwishowe ndoano hizo hazikai sawasawa. Zipige brashi kavu. Lifti inakula betri, hivyo itumie injini ikiwa imewashwa, na kama ina pampu ya dharura ya mkono, jizoeze kuitumia siku ambayo hakuna dharura.

Kwenye mikanda sina mzaha. Anayesafiri akiwa juu ya kiti chake afungiwe mikanda minne ya kiti, miwili mbele na miwili nyuma, kwenye fremu, kamwe si kwenye magurudumu wala sehemu inayochomoka. Kisha yeye mwenyewe avae mkanda wake, upite chini kwenye nyonga. Kamba ya manila haihesabiki. Na kama uti wake wa mgongo uliumia shingoni, huenda mwili hautoi jasho vizuri; kiyoyozi kwenye joto la Dar au Mombasa kwake si anasa.

Kuhusu kodi, Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 linasamehe ushuru wa forodha kwa magari yaliyoundwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. VAT na kodi nyingine hufuata sheria za kila nchi, kwa hiyo waulize mamlaka ya mapato: TRA kwa Tanzania au KRA kwa Kenya. Peleka maombi kabla meli haijatia nanga, maana gari linalosubiri kibali bandarini hutozwa gharama za kuhifadhiwa.