Bei ya Fundi Hutoka Wapi? Mfano wa Plasta ya Chumba Kimoja

Mwenye nyumba wa Miritini anayetaka kupiga plasta chumba kimoja anaweza kuita mafundi watatu akapewa bei tatu tofauti. Kabla ya kuchagua iliyo ndogo, inafaa ajue bei hiyo imetokana na hesabu gani.

1. Kupima
Chumba cha mita 3 kwa 3.6 kina mzunguko wa mita 13.2. Kuta zikiwa na kimo cha mita 2.7, eneo lake ni mita mraba 35.6. Mlango na dirisha vikiondolewa, hubaki takriban mita mraba 32.

2. Vifaa
Plasta ya unene wa milimita 15 itahitaji mita za ujazo 0.48. Simiti na mchanga vikiwa vikavu huchukua nafasi zaidi, kwa hivyo fundi huongeza takriban asilimia 30, ikawa 0.62. Kwa mchanganyiko wa simiti 1 kwa mchanga 4, simiti ni 0.125. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban 0.035, hivyo huhitajika mifuko 3.6. Kwa kuongeza asilimia 10 ya kinachopotea, itanunuliwa mifuko 4 na mchanga mita za ujazo 0.55.

Ukuta wa mawe ya matumbawe yasiyonyooka hula plasta zaidi, na plasta kuukuu lazima ibanduliwe kwanza. Ndiyo maana bei inayotolewa kwa simu, ukuta haujaonekana, ni ya kubahatisha. Mchanga wa ufuoni usitumike hata ukiwa rahisi, kwa kuwa chumvi yake huharibu plasta.

3. Ufundi na gharama nyingine
Hapa huingia malipo ya fundi na vibarua, kwa siku au kwa mita mraba, usafirishaji wa vifaa, kukodi vyombo, akiba ya dharura na faida. Faida si wizi, mradi iandikwe wazi.

4. Kulinganisha
Mafundi wote wapewe vipimo, unene na mchanganyiko ule ule. Aliyeandika mifuko 2 kwa chumba hiki aulizwe sababu. Huenda plasta itakuwa nyembamba, simiti itapunguzwa, au pesa zaidi zitaombwa kazi ikiwa katikati. Rahisi ghali.

5. Makubaliano
Yaandikwe na kutiwa saini, na malipo yafuate hatua za kazi iliyokamilika. Wanakandarasi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, kwa hivyo mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuona cheti. Anayetaka kuongeza chumba apate kwanza idhini ya kaunti, na gharama yake iingie kwenye makadirio tangu mwanzo.