Somo la Platini na Kazi ya Oksijeni

Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa haidrojeni itengenezwayo kwa umeme usio na moshi, na shabaha yake ya kwanza ni mbolea. Lakini haidrojeni yaweza pia kurudishwa iwe umeme. Nasi wa Machakos, tuliozoea ngurumo za jenereta umeme ukatikapo, yatupasa tukifahamu chombo hicho kabla hatujauziwa.

Chombo hicho ni seli ya haidrojeni. Asili yake ilionyeshwa na William Grove wa Wales mwaka 1839, naye alitumia platini. Mwaka 1965 seli za namna hiyo zilipaa angani katika chombo cha Gemini 5.

Kazi yake ni hii. Upande mmoja huingia haidrojeni, ikagawanyika kuwa protoni na elektroni. Protoni hupenya utando wa katikati. Elektroni huzuiliwa, zikalazimika kuzunguka kwa njia ya waya, na mwendo huo ndio umeme. Upande wa pili zote hukutana na oksijeni ya hewa, yakatokea maji.

Je, ugumu uko wapi? Uko kwa oksijeni. Atomu zake mbili zimeshikamana kwa kifungo maradufu, na kuzigeuza maji kwahitaji elektroni nne na protoni nne, hatua baada ya hatua. Kwa hesabu seli moja ingetoa volti 1.23, ikiwa kazini hutoa kama 0.7 tu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea upande wa oksijeni.

Ndipo huhitajika kichocheo, yaani kitu kiharakishacho badiliko pasipo chenyewe kuliwa nalo. Siri yake ni wastani: metali ishikayo oksijeni kwa nguvu mno haiiachi, na iishikayo kwa ulegevu haiivunji. Platini i karibu na wastani, ila hukaza kidogo kupita kiasi. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walionyesha maabarani kwamba uso wa fuwele ya platini iliyochanganywa na nikeli huishinda platini tupu mara 10.

Platini ni ghali, na iliyo nyingi huchimbwa Afrika Kusini. Kwa hiyo hutandazwa juu ya kaboni katika chembe za nanometa chache, ili kiasi kidogo kiwe na uso mwingi. Lakini chembe hizo huyeyuka polepole na kugandamana, nguvu ya seli ikapungua. Vichocheo vya chuma na nitrojeni ni rahisi kwa bei, bali havijafikia udumifu wa platini.

Basi muuzaji akija, tusiulize bei peke yake. Tumuulize: kichocheo ni cha nini? Kitadumu saa ngapi? Kikichoka, platini yake itarudi kwa nani? Asiyejua kuuliza hununua sanduku, wala hajui alichonunua. Na vijana wetu wasomao kemia wajue kwamba swali la oksijeni bado halijafungwa.