KUMWAJIRI FUNDI WA BANDA

Mtu akitaka kujenga nyumba ya mawe huuliza, hupima, hushauriana na wazee, na pengine hufunga safari kwenda kuitazama kazi ya fundi mahali pengine. Lakini mtu huyo huyo akitaka banda la kuwekea mahindi au bidhaa zake, humwita fundi wa kwanza apitaye njiani, akampa fedha mkononi, akaenda zake. Haupiti mwezi ila wawili hao wamefika mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja ana maneno yake, wala hapana karatasi hata moja ya kumwonyesha mwamuzi. Basi leo twapenda kueleza jinsi ya kupatana na fundi wa banda. Mfano wetu tutauchukua Msimbazi, katika mji wa Dar es Salaam, maana watu wengi wa mashamba huenda Kariakoo na Gerezani kununua mabati na misumari, na huko ndiko wengi hukutana na mafundi.

Kariakoo ilipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Nyumba zake za zamani zilikuwa za boriti, fito na udongo, zimeezekwa makuti au madebe yaliyonyooshwa, na uani palikuwa na jiko na choo. Siku hizi mahali pengi pamekuwa maghorofa. Lakini tusidhani kwamba kazi ndogo haina hatari. Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa 4 lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Ilielezwa wakati ule kwamba kulikuwa na kazi ya kuchimba chini ya jengo ili kupanua nafasi ya biashara. Banda si ghorofa, lakini nalo likianguka humwangukia mtu.

Kwanza, tazama mahali. Mto Msimbazi hutoka upande wa vilima vya Pugu, na bonde lake hufurika mvua ikizidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kubomoa nyumba, hata wengi wa waliokuwa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Fundi aliyepewa kazi hatakuambia kwamba mahali hapafai, kwa kuwa yeye atakuwa amekwisha kwenda zake maji yajapo. Waulize majirani wa siku nyingi maji yalifika wapi. Tena katika mji hujengi bila kibali cha halmashauri, hata kama ni uani kwako.

Pili, fanya hesabu ya nguzo wewe mwenyewe kabla ya kumwita fundi. Walimu waweza kuwapa watoto hesabu hii darasani. Tuseme banda lina urefu wa futi 30 na upana wa futi 20. Mzunguko wake ni futi 100. Ukisimamisha nguzo kila futi 10, utapata nguzo 10. Ongeza 2 za katikati chini ya mwamba wa juu, jumla 12. Nguzo 8 za pembeni zipandazo futi 9 juu ya ardhi na kuingia futi 3 chini, kila moja itakuwa na futi 12. Nguzo 4 za kushika mwamba hupanda futi 13, kwa hiyo kila moja yataka futi 16. Fundi akitaka nguzo 20, usimwite mwizi. Mwulize sababu, pengine anayo njema, kama vile upepo mwingi au udongo mlaini. Lakini asipoweza kuieleza, umekwisha kumjua.

Hizo futi 3 za chini ndizo ziletazo udanganyifu mkubwa. Kuchimba ni kazi ngumu, na shimo likifukiwa hapana ajuaye kina chake mpaka siku ya upepo. Sisi twashauri hivi: piga mstari wa rangi futi 3 kutoka chini ya kila nguzo, na kitako chake ukipake rangi vile vile. Mstari ukionekana juu ya ardhi, shimo ni fupi. Na kama nguzo imekatwa chini ili mstari ufike mahali pake, kitako kitakuwa cheupe. Lakini rangi haitakusaidia kama hupo siku ya kusimamisha. Siku hiyo acha shughuli nyingine zote. Hakikisha pia kwamba sehemu ya chini imetiwa dawa ya mchwa, na kwamba udongo unashindiliwa kidogo kidogo, si kumwagwa wote mara moja. Ukinunua boriti za mikoko, taka kuona kibali cha muuzaji, maana mikoko ya pwani ni msitu wa hifadhi.

Vifaa nunua mwenyewe. Mchukue fundi akusaidie kuchagua, lakini fedha zitoke mkononi mwako na stakabadhi iingie mfukoni mwako, kwa kuwa wako wenye maduka wampao fundi bakhshishi, nayo hutoka katika bei yako. Kumbuka kwamba bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Wengi hudhani kinyume chake.

Sasa malipo. Makandarasi wakubwa husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Fundi wa mtaani aghalabu hana cheti hicho. Kinachokulinda ni karatasi yenu tu, na Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni vipimo, bei, siku za kazi, na nani atalisha vibarua. Wote wawili watie sahihi mbele ya shahidi.

Fedha zigawanywe. Tuseme ujira ni shilingi 600,000. Mpe arbuni 60,000 afikapo na vyombo vyake. 180,000 nguzo zote zikisimama na kupimwa kwa timazi. 180,000 makombamoyo na mabati yakiisha kupigiliwa. 120,000 kazi ikiisha.

Twajua mafundi watanung'unika, nao wana haki kwa sehemu. Fundi ana vibarua watakao posho kila jioni, na wako wenye kazi ambao hubadili shauri katikati, leo mlango huku, kesho kule, kisha hukataa kuongeza hata senti. Wengine humzungusha fundi miezi miwili kwa malipo ya mwisho. Kwa hiyo kila badiliko liandikwe na bei yake, na kila fungu lilipwe siku ile ile kazi yake ionekanapo.

Shilingi 60,000 zilizobaki hushikwa mpaka mvua kubwa ya kwanza. Kwa pwani, ajengaye Septemba hatangoja sana, maana vuli huanza Oktoba. Mvua ikinyesha, ingieni bandani wote wawili mkatazame juu. Pasipovuja, mlipe hapo hapo.