Kengele Ambayo Walio Nyuma Hawaisikii

Jumapili iliyopita niligusia habari ya kengele iliyo ndani ya ndege, muda ukaniishia, na baadhi yenu mkanishika mlangoni mkitaka nieleze vizuri. Basi hii hapa.

Kuna aina ya ajali iliyokuwa ikiua watu wengi sana. Ndege ni nzima, injini zinanguruma sawasawa, rubani ameshika usukani, lakini inaingia mlimani kwa sababu walio mbele hawajui wameshuka kiasi gani. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya TWA iligonga mlima Virginia, Marekani, ikielekea kutua. Watu wote 92 walikufa. Baada ya hapo serikali ya huko ikaamuru ndege kubwa za abiria zifungwe mtambo wa kuonya, ambao mhandisi Don Bateman, mzaliwa wa Kanada, alikuwa ameshautengeneza. Unapima kwa mawimbi ya redio umbali kutoka tumbo la ndege hadi ardhini. Ardhi ikikaribia haraka mno, sauti inalia mbele kwa marubani: "Vuta juu! Vuta juu!"

Lakini mtambo ule wa kwanza uliona chini tu, haukuona mbele. Tena ulilia hata pasipo hatari, na kinacholia ovyo watu hukizoea. Wazazi mnajua.

Tarehe 27 Novemba 1983, Boeing 747 ya Avianca ilikuwa ikitoka Paris kwenda Madrid, usiku. Rubani msaidizi alitaja kimo kimakosa: badala ya futi 3,282 akasema 2,382. Sisi tuliosomea biashara kosa hilo la kugeuza tarakimu tunalijua; likiingia kwenye vitabu unakesha ukilitafuta. Angani hakuna nafasi ya kukesha. Mtambo ulilia, na wachunguzi waliandika kwamba marubani hawakuchukua hatua ipasavyo. Watu 181 walikufa, 11 wakapona.

Miaka ya 1990 Bateman na wenzake waliongeza ramani ya milima ya dunia na vipimo vya setilaiti, ili mtambo uone kilicho mbele. Ajali hizo zilipungua sana.

Sasa hebu fikiria mhudumu wa ndege. Ile sauti inalia kwa marubani, hailii kwa abiria. Yeye yuko nyuma anakusanya vikombe, hajui chochote. Dada mmoja wa kanisa letu anafanya kazi hiyo, naye alinieleza kwamba rubani akitii onyo hana muda wa kutangaza: anaongeza nguvu ya injini na kuinua pua ya ndege papo hapo. Aliyesimama anaanguka, na toroli la chai linaweza kumwangukia. Ndiyo maana kabla ya kutua wanatakiwa wawe wameketi kwenye vile viti vya kukunjwa, mikanda mabegani, wakijiuliza kimoyomoyo: mlango wangu ni upi, unafunguliwaje, nani atahitaji kusaidiwa? Ukimwona amekaa kimya hivyo, usidhani anapumzika.

Siku moja ndege yake ilipandishwa ghafla kabla hajaketi. "Bega liliniuma wiki mbili, pasta," aliniambia, "lakini nilirudi nyumbani. Rubani hakubishana na ile sauti."

Maneno hayo yalinichoma, na nitawaambia kwa nini. Kabla ya kuingia huduma nilikuwa na biashara ndogo ya vifaa vya ofisi, na wafanyakazi wanne. Mama aliyekuwa akinishikia vitabu aliniambia mara tatu kwamba pesa zinaisha. Kila mara nilimjibu, "Sawa, tutaangalia." Nilikuwa na digrii, yeye hakuwa nayo. Wale wanne hawakuwa wakituona tukiongea. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa. Mmoja wao alichukua mkopo wa karo mwezi uleule, akitegemea mshahara wangu.

Nilipowaita kuwaambia kwamba tunafunga, yule wa stoo alikuwa bado amevaa aproni. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Ulijua tangu lini?"

Nilimwambia tangu Mei. Hiyo ilikuwa Agosti.