Elaphrosaurus wa Tendaguru: Kufanana si Kuwa Ukoo Mmoja

Ukiulizwa kuhusu dinosaria wa Tanzania, bila shaka utamtaja yule mjusi mkubwa wa Tendaguru aliyesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, Ujerumani, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Jibu hilo ni sahihi, ila karibu kila mtahiniwa ataliandika. Hapa tunakupa mwingine wa kilima hicho hicho, asiyetajwa sana, ambaye anafaa zaidi swali linapokutaka ueleze jinsi visukuku vinavyotumika kama ushahidi.

Jina lake la kisayansi ni Elaphrosaurus bambergi. Neno la kwanza lina maana ya mjusi mwepesi. La pili linamtaja Paul Bamberg, mwenye kiwanda wa Kijerumani aliyechangia fedha za uchimbaji. Aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki. Alikuwa na urefu wa mita 6 hivi pamoja na mkia, na uzito unaokadiriwa kuwa kilo 200. Usishangae akiitwa mdogo: majirani zake walikuwa na uzito wa makumi ya tani.

Mifupa yake ilipatikana katika uchimbaji wa mwaka 1909 hadi 1913, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Usiishie kuandika kwamba "Wajerumani walichimba". Mamia ya vibarua Waafrika ndio walioshika majembe, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa kichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Kwa jumla, zaidi ya tani 200 za visukuku na mawe yaliyovishika zilisafirishwa kwenda Berlin.

Janensch alimpa mnyama huyu jina mwaka 1920. Mifupa ilionyesha shingo ndefu, kiwiliwili chembamba, na mfupa wa muundi mrefu kuliko wa paja. Muundi ulizidi sentimita 60, ilhali paja halikufika 55. Hapo ndipo penye kiini cha mada. Mtahiniwa wa Binza au Bariadi aliyewahi kumwona mbuni upande wa Serengeti atakumbuka miguu yake: paja fupi lililojificha kwenye manyoya, kisha sehemu ndefu ya chini. (Kile kinachoonekana kama goti linalokunjika kinyume ni kifundo cha mguu, goti lenyewe liko juu.) Mguu wa namna hiyo ni wa mkimbiaji. Basi mwaka 1928 Franz Nopcsa alimweka Elaphrosaurus katika kundi la dinosaria wanaofanana na mbuni, na rai hiyo ikaendelea kuwa na wafuasi kwa miongo mingi.

Lakini wakati ulikuwa na tatizo lake. Dinosaria wa kundi hilo wanajulikana kutoka kipindi cha Kretasia, makumi ya mamilioni ya miaka baadaye. Mwaka 2016 Oliver Rauhut na Matthew Carrano walichapisha uchunguzi mpya wa mifupa ile ile ya Berlin, mfupa kwa mfupa. Walimweka katika jamaa ya Noasauridi, tawi lililoachana mapema na lile lililozaa ndege. Mfanano wake na mbuni umetokana na maisha yanayofanana, si nasaba. Mfano uko hapa nyumbani: nungunungu na kalunguyeye wote wana miiba, lakini wa kwanza ni jamaa ya panya na wa pili si wa ukoo huo kabisa.

Fuvu lake halijapatikana. Je, alikula nini? Wanasayansi hulinganisha na Limusaurus wa China, ndugu yake wa karibu aliyetangazwa mwaka 2009. Limusaurus alizaliwa na meno, akayapoteza alipokua na kubaki na mdomo kama wa ndege. Tumboni mwa wakubwa vimekutwa vijiwe vya kusagia chakula, kama vya kuku. Kwa hiyo huenda Elaphrosaurus naye alikula majani. Neno "huenda" usiliache katika jibu lako, kwa maana huu ni ushahidi wa kulinganisha, si wa mfupa wenyewe.

Kosa la kuepuka ni kuandika kwamba Elaphrosaurus ni babu wa ndege. Zaidi ya suala la tawi, kumbuka kwamba Archaeopteryx wa Ujerumani, aliyekuwa na mabawa na manyoya, aliishi karibu wakati ule ule. Asiyekutangulia hawezi kuwa babu yako.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini urefu wa muundi ukilinganishwa na paja ni ushahidi wa mbio.

2. "Ugunduzi mpya si lazima utoke ardhini." Jadili kauli hii kwa kurejelea uchunguzi wa mwaka 2016.

3. Fuvu la Elaphrosaurus likichimbuliwa kesho Lindi na kukutwa na meno makali ya mnyama mzima, ni hoja ipi katika mada hii itaanguka, na ipi itabaki?